Rula Haisomi

Siku hizi naogopa shikamoo. Si zote. Naogopa ile ndefu, inayotolewa kwa kuinama kidogo, kisha ikafuatiwa na maswali: mjomba umeamkaje, binamu zangu hawajambo, na lile goti linaendeleaje? Kijana wa sasa hana muda wa kuulizia goti la mtu. Akiliulizia, jua mfukoni ana flashi, ndani ya flashi mna tasnifu, na tasnifu inatakiwa chuoni Ijumaa.

Sijui ni nani aliyetangaza katika ukoo wetu kwamba mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Nilifundisha sekondari miaka mingi, nikastaafu, wanangu wakaninunulia laptopi ili nisome magazeti. Lakini ukoo haushindwi kugawa kazi. Mwenye gari anapeleka wagonjwa hospitali, mwenye sauti anakuwa mshereheshaji wa harusi, mwenye uwanja mpana anawekewa matanga. Mimi nimekabidhiwa wizara ya tasnifu. Posho yake ni "Mungu atakulipa, mjomba", na mpaka leo naamini hati ya malipo iko njiani.

Wote wanakuja na kauli moja: "Kazi nimeshaimaliza, imebaki kupangilia." Wanaisema kwa uso mkunjufu kabisa. Mtu amekaa kijijini akihoji wazee, amenyeshewa, amekimbizwa na mbwa, amerudi akaandika sura tano, na bado hajui kwamba kipande kigumu cha safari ndicho kinaanza, nacho ni kuzifanya namba za kurasa zikae pale zinapotakiwa.

Nikifungua faili, nakuta mambo. Kichwa cha tasnifu kimesogezwa mpaka katikati ya ukurasa kwa kubonyeza spesi, moja baada ya nyingine. Sura mpya imesukumiwa ukurasa unaofuata kwa enta zisizo na idadi. Na yaliyomo yamepigwa kwa mkono, nukta baada ya nukta, kutoka "Usuli wa Tatizo" mpaka namba ya ukurasa, na hakuna namba iliyosimama sawasawa chini ya mwenzake. Unapaona kabisa mahali kidole kilipochoka. Halafu msimamizi anaagiza ziongezwe aya mbili katika Sura ya Pili. Zikishaongezwa, kila kilicho chini yake kinateremka, na yaliyomo yanageuka kuwa historia ya mahali mambo yalipokuwa zamani.

Nimewaeleza kwa upole kwamba programu inaweza kutengeneza yaliyomo yenyewe, ikajaza na kurasa, mradi kila kichwa cha habari kipewe staili yake tangu mwanzo. Wananisikiliza, wanaitikia "sawa mjomba", wanaondoka. Mwaka unaofuata anakuja mdogo wao, na nukta zake.

Programu yenyewe sitaitaja, kila mtu anaijua. Chuo nacho sitakitaja, kwa sababu miongozo ya vyuo imezaliwa familia moja. Pambizo ya kushoto iwe sentimita nne, zilizobaki mbili na nusu. Herufi ziwe Times New Roman, ukubwa wa 12. Nafasi kati ya mistari iwe maradufu. Kurasa za mwanzo, yaani tamko, tabaruku, shukurani na ikisiri, zipewe namba za Kirumi zile ndogo. Kuanzia Sura ya Kwanza zigeuke 1, 2, 3. Na ukurasa wa jina uhesabiwe ila namba yake isionekane.

Nitende haki: baadhi ya masharti haya yana asili yake. Kushoto panaachwa papana kwa sababu ndipo karatasi zinapobanwa wakati wa kujalidi. Nafasi maradufu ni urithi wa taipureta. Enzi zile maandishi yakipigwa kwa mashine, mhariri alihitaji mahali pa kupitisha kalamu kati ya mstari na mstari. Sasa msimamizi anasahihisha kwenye kompyuta, maoni yake yanajitokeza pembeni ndani ya viboksi vya rangi, na kati ya mistari hagusi kabisa. Nafasi imeachwa pale inamsubiri mtu aliyekwishastaafu.

Hizo Times New Roman nazo zina kisa chao. Zilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, kazi ikasimamiwa na Stanley Morison na kuchorwa na Victor Lardent, na wasomaji wakaanza kuziona Oktoba 1932. Gazeti lina safu nyembamba na karatasi ni fedha, kwa hiyo zilibanwa ili maneno mengi yaenee mahali padogo. Vyuo vikazichukua herufi zilizobuniwa kubana karatasi, vikaamuru zitandazwe kwa nafasi maradufu, tena upande mmoja tu wa karatasi. Huko ni kuvaa shati la kubana, halafu juu yake ukatupia koti la marehemu babu.

Lakini kilichonipandisha presha ni namba za kurasa. Ili Kirumi kiishe na tarakimu za kawaida zianze, lazima uchomeke alama ya siri inayokata waraka katika sehemu mbili, kisha uzitenganishe sehemu hizo ili ya pili isiige ya kwanza. Alama yenyewe haionekani mpaka uamuru ionekane. Kijana akifuta aya iliyo jirani, anaifuta na alama. Papo hapo kurasa zote za mwanzo zinavua Urumi wao. Shukurani kwa wazazi zinakuwa ukurasa wa 4, na Sura ya Kwanza, ambayo sheria inasema ianzie 1, inaanzia 13.

Usiombe kuwe na jedwali pana linalohitaji ukurasa wa kulala. Hapo zinatakiwa alama mbili za siri, moja mbele na moja nyuma ya jedwali. Futa moja bila kujua, uone sura nzima ya tatu inavyolala ubavu. Wapo walionyoosha mikono, wakaweka kurasa za mwanzo katika faili lake na sura katika faili jingine. Na yupo mmoja aliyeprinti tasnifu bila namba hata moja, akaketi na kalamu nyeusi, akaandika zote kwa mkono, kwa hati nzuri ya shule ya msingi. Huyo namheshimu kuliko wote.

Programu nayo ina kiherehere. Mtafiti anaorodhesha madhumuni mahususi, (a), kisha (b), na akifika (c) inageuka ghafla kuwa ©, alama ya hakimiliki. Dhumuni lake la tatu limekuwa mali ya mtu. Akiamua kutumia (i), inakuzwa kuwa (I), maana programu imelelewa Kiingereza na huko "i" peke yake ni mtu mkubwa. Akiandika "taz. sura ya pili", neno "sura" linapewa herufi kubwa kwa kuwa limetanguliwa na nukta. Na kama lugha iliyochaguliwa ni Kiingereza, ukurasa mzima wa Kiswahili safi unapigiwa mawimbi mekundu, neno sahihi na neno bovu bila ubaguzi. Ndiyo maana makosa halisi hayakamatwi. Yamejichanganya na raia wema.

Na si kwamba hapakuwa na waliojaribu kutuokoa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu ya kwanza hadi ya mwisho. Nenda leo steshenari yoyote uulizie Jambo. Utaulizwa kama ni ile ya mikopo.

Tuje kwenye marejeleo. Mtindo unaodaiwa mara nyingi ni wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Ulianza mwaka 1929 ukiwa makala ya kurasa saba ndani ya jarida. Toleo la saba, ambalo ndilo la sasa, ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400. Hao ni watu wa saikolojia. Siwezi kuamini kwamba hawajui wanachotufanyia. Katika toleo hilo la saba wameondoa sharti la kutaja mji wa mchapishaji. Basi msimamizi aliyesomea toleo la sita anataka "Dar es Salaam" iandikwe, mtahini aliyenunua la saba anataka ifutwe. Mpwa wangu ameutoa mji huo, akaurudisha, akautoa tena. Dar es Salaam haikuhamwa namna hiyo hata serikali ilipokuwa inakwenda Dodoma.

Kisha yako majina. Mtindo unataka jina la mwisho litangulie, kwa imani kwamba duniani kote jina la mwisho ni la ukoo. Visiwani na mwambao, mtu ana jina lake, likafuata la baba, likafuata la babu. Kwa hiyo riwaya anaandika Said Ahmed Mohamed, anayepewa sifa mbele ya kadamnasi ni babu Mohamed, na Said mwenyewe anasindikiza nyuma akiwa herufi moja yenye nukta. Mzanzibari mwenzake Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema, naye anaingia kwa mlango uleule, na msomaji wa mbali akiwaona wamepangwa juu na chini anadhani ni ndugu wa baba mmoja, ilhali huyu baba yake ni Ahmed na yule Suleiman. Kusadikika kaandika Shaaban, nchi nzima inajua kuwa ni Shaaban, ila ukifika kwenye marejeleo unaambiwa ni "Robert (1951)", yaani baba mtu. Mzee Robert, popote ulipo, hongera kwa kitabu.

Ukishavuka hayo unakwenda kuprinti, na hapo ndipo mbivu na mbichi hujulikana. Printa inawaka taa ya njano, haisogei. Kijana wa steshenari anachungulia mara moja tu: "Mzee, hii imewekwa Letter." Letter ni karatasi ya Wamarekani, upana milimita 216 na urefu 279. Sisi na sehemu kubwa ya dunia tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Programu imekaa miezi yote ikipangilia kazi ya mtoto wa Mbagala kwenye karatasi ambayo ukizunguka Kariakoo nzima huipati. Ukiibadilisha iwe A4, ukurasa unarefuka na kupungua upana, mistari inajipanga upya, na picha iliyokuwa chini ya maelezo yake inahamia ukurasa wa jirani peke yake. Umeme nao huchagua wakati huo kukatika.

Nikiri jambo moja kwa heshima: profesa wa kweli wa fani hii ni huyo kijana wa steshenari. Ikisiri haijui, anaiita "ile fupi ya mbele". Nadharia ya mtu yeyote haimhusu. Lakini anaijua alama ya siri ilipojificha, anajua rangi ya jalada la kila shahada na ukubwa wa herufi za dhahabu za mgongoni, na anajua ni idara ipi inarudisha kazi kwa kosa gani. Akikwambia "hii wataikataa", itakataliwa. Wangempa joho.

Sasa nije kwenye kilichonikasirisha hasa, maana mpaka hapa nilikuwa nalalamika kwa furaha. Juzi mpwa wangu alirudishiwa rasimu yake. Viboksi vya rangi vimejaa pembeni, nikasema alhamdulillahi, kazi imesomwa. Nikaanza kuvipitia. "Pambizo." "Nafasi." "Italiki." "Kichwa cha jedwali kikae juu, cha picha kikae chini." "Nukta baada ya mabano." "Pambizo" tena. Nimekwenda mpaka kiambatisho cha mwisho, sikuona palipoandikwa "una uhakika?" au "hapa sikubaliani nawe" au hata "vizuri".

Nikatafakari, nikaelewa. Kupima pambizo hakuhitaji kusoma. Ukitaka kubishana na hoja ya mtu, lazima ukae, uzisome kurasa, ufikiri, labda ufungue kitabu kingine, na kuna hatari ukagundua kwamba mwanafunzi ana haki. Pambizo inataka rula tu. Rula haisinzii, haihitaji kuijua mada, na haiwezi kushindwa mjadala. Msimamizi mwenye wanafunzi lukuki, vipindi, vikao vya idara na makala zake mwenyewe zinazosubiri kupangiliwa, ukimpa rula na masaa mawili, atakurudishia kazi iliyojaa rangi, na wote mtaridhika kwamba usimamizi umefanyika.

Wala mwanafunzi si mhanga tu hapa. Kwa siri naye anaipenda rula. Heri kuambiwa pambizo mbaya kuliko kuambiwa hoja mbaya. Hoja mbaya utakesha nayo mwenyewe, pambizo mbaya inarekebishwa na mjomba.

Ugonjwa wenyewe hauchagui hata vigogo. Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1977 aliletewa prufu za toleo jipya la juzuu ya pili ya The Art of Computer Programming, kazi yake kuu. Hakupenda zilivyoonekana. Akaweka kalamu chini, akaanza kutengeneza programu yake mwenyewe ya kupanga chapa, TeX, akitarajia aimalize ndani ya likizo yake ya utafiti. Ikamla takriban miaka kumi. Sehemu ya kwanza ya juzuu ya nne imekuja kutoka 2011. Kama mtu wa kiwango kile alimezwa na pambizo, kijana wa shahada ya umahiri mwenye bando la siku atatokaje salama?

Kuna jirani yangu, kijana wa hisabati, anayenishawishi niwahamishie wapwa zangu wote kwenye ukoo huo wa TeX. "Mzee, kule hupangilii. Unaamuru." Nikamuuliza, nikiamuru vibaya? "Haitoki kabisa, inakuonyesha mstari wenye kosa." Nikamuuliza, na mstari huo unasomeka? Akacheka, akabadilisha mazungumzo.

Pendekezo langu kwa vyuo ni dogo. Kama mmeweza kuandika kitabu kizima cha kueleza pambizo, mnashindwaje kutoa faili moja ambalo pambizo zimo tayari, namba zimo, Kirumi kimo, na kazi ya mwanafunzi ni kumimina maneno yake ndani? Wapo wanaotoa, na dunia haijaanguka. La pili, mtu apangilie baada ya kufaulu. Kwanza mwambieni kama alichokisema kina maana, ndipo mumwambie kisimame wapi.

Wakati nangoja vyuo vinisikie, nimeweka sheria yangu nyumbani. Flashi haiingii kwenye laptopi hii mpaka mwenyewe aniambie, kwa mdomo, amegundua nini. Mpwa wangu nilipomwekea sharti hilo alianza, "Mjomba, Sura ya Nne ina majedwali sita..." Nikamkatiza: sikuuliza ina nini, nimeuliza umegundua nini. Akanyamaza kidogo, akaivuta stuli, akakaa.

Alichunguza maandishi ya nyuma ya bajaji na daladala. Miaka yote hii nimekaa kwenye foleni nikiyasoma, nikidhani ni mawaidha kwetu sisi tulio nyuma. Madereva wakamwambia sivyo. Mengi anaandikiwa tajiri, yaani mwenye chombo, anayesubiri hesabu yake kila jioni. Lile la "Vumilia Kidogo", ambalo mimi nilijua linahusu foleni, ni barua ya kuomba nafuu ya deni, na mwandikiwa hulipia rangi mwenyewe. Tukaongea mpaka chai ikapoa. Kila nilipouliza alijibu bila kutazama karatasi, akaanza hata kunibishia.

Nikamuuliza, na msimamizi wako alisemaje kuhusu hili?

"Alisema jedwali lake limezidi pambizo ya kulia."

Basi, mheshimiwa msimamizi, kama safu hii itakufikia ukiwa na nafasi, jambo lenyewe liko ukurasa wa 74. Ukilikosa hapo, angalia wa 75.